Wav., Was., Jml.

Jumapili, saa tatu usiku, umeme umekatika Newala
na azimio la kazi la wiki sita sijaligusa.
Mthibiti ubora anakuja Jumatano.
Mkuu wa shule ametuma ujumbe kwenye kundi, herufi kubwa tupu:
MAJALADA YOTE YAWE MEZANI.

Tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Chaji asilimia kumi na tisa.
Andalio la somo, Kiingereza, Kidato cha Pili B, dakika themanini:
utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri.
Walioandikishwa: Wav. 44, Was. 52, Jml. 96.
Waliohudhuria: Wav. 17, Was. 24, Jml. 42.
Hapo kalamu inasita kama mbuzi mbele ya dimbwi,

maana ni Oktoba, na Oktoba huku hatusemi utoro,
tunasema korosho.
Nusu ya darasa wako chini ya mikorosho na ndoo,
vidole vinanata maji ya mabibo.
Watarudi na daftari zenye madoa ya kahawia
yasiyotoka hata kwa sabuni ya kipande.
Kwenye mahudhurio nawaandikia R. Ruhusa.
Nani katoa ruhusa?
Mnada.

Halafu shajara ya somo, halafu rekodi ya maendeleo,
halafu jalada la klabu ya Kiingereza
iliyokutana mara moja, mwezi wa tatu,
Mfaume Likumbage akaanguka kabla ya hoja ya pili.
Haukuwa woga, ilikuwa njaa.
Jaladani nimeandika: mdahalo ulifana.

Halafu kuna mfumo.
Mfumo hautaki karatasi, unataka mtandao,
na mtandao unataka ukasimame upande wa Shimo la Mungu,
mkono juu, kama mtu anayekula kiapo.
Nimeapa pale wiki tatu mfululizo.
Wasilisha, nabonyeza. Kiduara kinazunguka.
Kinazunguka.

Jana baba yake Asumini alipiga hodi na karatasi yake mwenyewe,
stakabadhi ya ghala, imekunjwa mara nne.
“Mwalimu, wewe mtu wa makaratasi.
Hii inasema hela yangu iko wapi?”
Nikaisoma mbele, nikaisoma nyuma.
Kilo zipo. Daraja lipo. Sahihi tatu na muhuri.
Tukacheka, wote wawili,
kicheko cha watu waliojaza kila nafasi iliyotakiwa.

Na Asumini mwenyewe, Alhamisi, tukiwa kwenye viwakilishi,
alinyoosha mkono wenye madoa:
“Sisi tukisema amekuja, basi, amekuja.
Kwa nini Kiingereza lazima kwanza kiulize
ni mwanaume au mwanamke?”
Darasa likaangua kicheko. Nikatazama saa:
dakika nne, na hitimisho bado.
Nikasema tutarudi hapo.
Hatujarudi.

Usiku huu nalitafutia swali lake mahali.
Kuna safu ya kazi za mwalimu, safu ya kazi za mwanafunzi,
safu ya zana, safu ya upimaji.
Kwenye Maoni mkono umeshaandika Somo limeeleweka,
hauhitaji tochi kwa hilo.
Basi nimelibana pembeni, kwa penseli,
likapanda juu ya mstari mwekundu.
Simu ikazima.

Jumatano mthibiti akalamba kidole, akafunua,
akalamba, akafunua.
Akafika pale. Kidole kikatua jirani kabisa na penseli.
Nikabana pumzi.

“Mwalimu, kumi na saba na ishirini na nne
ni arobaini na moja. Umeandika mbili.
Huyu mmoja ni mvulana au msichana?”

Alikuja amechelewa, nikasema.
Na ndoo yake.